Mota Yangu Ndani ya Jakuzi la Watu

Wanawake wengine hunyang'anywa mume na mwanamke. Mimi nilinyang'anywa na pampu. Najua watu hucheka nikisema hivyo, na wacheke, mbavu ni zao. Mimi ndiye niliyemshikia tochi yule bwana tangu tulipooana, mkono ukafa ganzi, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Mtaani walimwita Dokta. Hakusomea udaktari wala kitu kingine chochote. Alianza kwa kusukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, akawa anabomoa pampu mbovu ili auze shaba ya ndani, na katika kubomoa akajua kujenga. Jina la Dokta lilitokana na bisibisi yake ndefu. Akifika kwenye pampu inayopiga kelele, hafungui kitu kwanza. Anapiga magoti, anaegesha ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu, na mpini anauweka sikioni. Kisha anafumba macho. Watu wote kimya, hata kuku. Baada ya muda anafumbua jicho moja na kusema, "Beringi." Au anasema, "Impela imemeza kitu." Siku moja alisema, "Huyu ana huzuni," na mwenye pampu akatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba amepewa habari ya msiba.

Kwa hilo simwonei. Kusikiliza alijua. Alisikiliza kila kitu chenye nati, na mimi sina nati.

Pampu alinifundisha mwenyewe, siku zile bado tunaongea, akiwa amepanga vipande juu ya kitambaa changu cha meza. Alisema pampu ni nyumba mbili zilizogawana ukuta. Upande mmoja unakaa umeme, na huko ndiko iliko mota na beringi zake. Upande wa pili yanakaa maji, na huko ndiko iliko impela, kifeni kidogo kinachoyasukuma. Ukuta wa katikati unaitwa sili. Ni vipande viwili laini kama kioo, kimoja kimetulia, kingine kinazunguka, vinabanana ili maji yasivuke. Maji yakivuka, beringi inaota kutu. Beringi ikiota kutu, inalia. Ikilia sana bila kutibiwa, mota inaungua, kwaheri.

"Ndiyo maana sili haiguswi na kidole chenye mafuta," akaniambia. "Unaishika kwa kitambaa safi, kama unashika jicho la mtu. Ikipata doa la mafuta haikai sawa. Itavuja tu."

Wakati anasema hayo alikuwa anakula chipsi, na kidole chake kilikuwa juu ya sili.

"Mume wangu, kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho."

Akakiangalia. "Aa, hiki kimezoea."

Kila pampu aliyoitengeneza ilivuja tena baada ya siku chache, na kila mara aliitwa tena, na watu wakamsifu kwamba anafuatilia wagonjwa wake.

Lakini tabia yake kubwa, ile iliyoniponza, ni kwamba Dokta hakununua kipuri maishani mwake. Alisema duka la vipuri ni la wasiojua kazi. Yeye alihamisha. Kinachopiga kelele kilitibiwa kwa kiungo cha kilichonyamaza. Feni ya kinyozi wa jirani iliponguruma, kapasita ya feni yetu ilikwenda kuiponya, kwa sababu yetu ilikuwa inazunguka bila kumsumbua mtu. Tukalala na joto, kinyozi akanyoa watu kwenye upepo. Mpira wa mfuniko wa blenda yangu ulihamia kwenye bomba la watu nisiowajua. Tangu hapo nikisaga matunda, juisi inanywewa na ukuta.

Na redio ya mama yake, mama mkwe wangu, ilipoanza kukwaruza, alikuja akachomoa kile kitufe cha kuzungusha kwenye pasi yangu. Pasi ikabaki na kijiti tu, naizungusha kwa koleo. Redio ya mama mkwe nayo ikapata kitufe kilichoandikwa hariri, sufu na pamba. Habari anazisikiliza kwenye sufu. Nyimbo anaweka pamba.

Nikilalamika, nililalamika kwa sauti ya chini, ndivyo nilivyolelewa. Sauti ya chini kwa Dokta haifiki. Ungemwambia nyumba inaungua kwa adabu, angesema sawa mke wangu, akaendelea kukaza bolti.

Kitu kimoja tu nilikizungushia mpaka: mashine yangu ya kufulia. Nafua mashuka ya gesti iliyo nyuma ya nyumba zetu, ndiyo kazi inayoniweka mjini. Kabla ya mashine nilifua kwa mikono mpaka vidole vikawa kama vya mtu aliyeokolewa kwenye maji. Mashine hiyo ina mlango wa kioo mbele, na naijua kama ninavyojua kikohozi changu. Inazungusha kushoto, inapumzika. Inazungusha kulia, inapumzika. Inakwenda hivyo hivyo mpaka isikike "tak" moja ndani ya ubongo wake, kile kibao cha waya kinachoiamuru. Ukisikia tak, ujue inakuja kukamua. Na ikikamua, inatembea. Mara ya kwanza ilitoka bafuni ikanikuta jikoni. Siku hizi naiwekea tofali mbele.

"Mashine hii usiiguse," nilimwambia Dokta.

"Niiguse ya nini? Haipigi kelele."

Ndipo akaja Mama Saluni.

Mama Saluni ni mwanamke wa shingo ndefu na kucha ndefu zaidi, mwenye saluni kubwa barabarani. Alinunua jakuzi kutoka kwenye hoteli iliyokuwa inabomolewa, akaliingiza chumba cha nyuma kwa kubomoa mlango, akatangaza kwamba mteja akisuka anaoga mapovu. Siku ya kuliwasha, jakuzi likapiga yowe hadi majirani wakatoka nje wakiulizana nani amefariki. Dokta akaitwa.

Alirudi nyumbani macho yanaangalia mbali. Nikamwekea chakula, hakukigusa.

"Mke wangu," akasema, "leo nimesikia sauti."

"Ya nani?"

"Ya beringi. Sijawahi kusikia beringi inalia namna ile."

Kesho yake akaenda. Akaweka sili aliyoitoa kwenye pampu ya mtu mwingine, kwa kidole kilekile. Ikavuja. Akaenda tena. Ikavuja tena. Kila siku yuko magotini chumba cha nyuma, Mama Saluni anamletea chai na kumfuta jasho kwa taulo za wateja. Yeye akadhani amepata mwanaume asiyechoka. Dokta akadhani amepata pampu isiyopona. Wote wawili wakawa na furaha kubwa.

Mwishowe akahamia huko. Hakuniaga. Nilijua ameondoka nilipokuta mto wake haupo kitandani. Mke unaweza kumwacha, lakini mto unabeba.

Sikulia. Nilisema nina mashine yangu, nina mashuka yangu, na kitanda sasa ni kipana. Nilikuwa nimeanza hata kuzoea. Kisha siku moja nimetoka kuanika nyuma ya nyumba, naingia bafuni, nakuta tofali limesogezwa. Mashine imefunguliwa mgongoni. Nikachungulia ndani: pale penye mota pana tundu, na pale penye ubongo pana waya mbili zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Skrubu zote alizipanga vizuri ndani ya kikombe changu cha chai. Kwa skrubu ana heshima sana.

Nikatoka mbio hadi kwa kinyozi.

"Umemwona Dokta?"

"Kapita hapa sasa hivi, kakumbatia kitu kama mtoto mchanga. Kakifunika na shuka jeupe, lina mhuri wa gesti."

"Na shuka pia!"

"Nikamwuliza, Dokta, nani kajifungua? Akasema nisipige kelele, amelala."

Sijafika nyumbani, meneja wa gesti ananisubiri mlangoni na furushi jingine la mashuka. Meneja ni mtu mkavu, haongei sana. Akikohoa mara mbili ujue kuna doa.

"Mama, kesho jioni nina wageni wa harusi, gesti nzima," akasema. "Haya na yale niliyokuletea juzi, yote nayataka safi. Yakikosekana, kazi itabidi nimpe mwenye mashine nzima. Si kwa ubaya."

Alijuaje kwamba yangu si nzima? Kinyozi huyo. Mdomo wake hauna sili.

Nikaangalia yale mafurushi mawili, marefu kunizidi. Kwa mikono nisingemaliza hata kwa wiki. Unga wangu ulikuwa unamwagika mbele ya macho yangu, na mota yangu inazunguka kwa watu. Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda saluni.

Mama Saluni alikuwa anamsuka mteja, upande mmoja umeisha, upande wa pili nywele zimesimama.

"Karibu dada," akasema bila kugeuka. "Unasuka au unaoga?"

"Nimefuata mota yangu."

"Hapa hatusuki mota."

Mteja akacheka kichwa kikavutika, akapiga kelele, akacheka tena. Nikawapita wote wawili nikaingia chumba cha nyuma.

Jakuzi lilikuwa linatoa mapovu. Katikati yake, maji shingoni, kofia ya plastiki kichwani, amekaa mama mkwe wangu kama kiazi kwenye supu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ingia, ingia, hapa hakuna malipo, mwenyewe ni mwanangu." Akafumba macho. "Yaani maji haya yana akili. Yanakwenda kushoto, yanapumzika. Yanakwenda kulia, yanapumzika. Hata kule hotelini lilikotoka, nadhani hayakuwa hivi."

Nikatazama chini. Dokta alikuwa amepiga magoti juu ya mto wake, ule wa nyumbani kwangu, bisibisi sikioni. Mbele yake pampu ya jakuzi imefunguliwa, na pale penye mota iliyoungua imefungwa mota yangu, na juu yake, kwa kamba ya viatu, ubongo wa mashine yangu.

"Mke wangu, usipige kelele," akasema. "Nasikiliza."

Sikuwa nimesema neno.

"Umechukua mota yangu," nikasema.

"Nimeazima. Yako ilikuwa imenyamaza."

"Ilinyamaza kwa sababu nilikuwa naanika!"

"Sasa ingejuaje?"

"Na ubongo je?"

"Mota ile bila ubongo haizunguki. Nimechukua vyote, kazi safi." Akaanza kujisifu, kama kawaida yake. "Ulikuwa unakataa kuwaka, unadai mlango haujafungwa. Nikaudanganya kwa kawaya. Sasa unajua mlango umefungwa."

"Mlango gani? Jakuzi halina mlango."

"Ndiyo maana nimeudanganya."

Mama Saluni akaja akasimama kizingitini, kitana mkononi. "Dada, mwanaume umeshindwa kumtunza, sasa unafuata mpaka vyuma?"

Nilikuwa na majibu ya kumpa, yamejaa mdomoni, na mengine niliyaandaa njiani. Lakini jakuzi likanyamaza. Mapovu yakatulia. Mama mkwe akapiga miayo. Na kutoka kwenye kile kibao kilichofungwa kwa kamba ya viatu nikasikia, ndogo tu, "tak."

"Mama," nikasema, "toka."

"Nitoke niende wapi? Ndiyo kwanza nimekolea."

"Mama, toka majini, inakuja kukamua."

"Wivu huo," akasema Mama Saluni.

"Sss," akasema Dokta, na kukandamiza bisibisi sikioni. "Kuna kitu kinajiandaa."

Pale ndipo niliposahau nilivyolelewa. Nikapiga kelele. Sikujua ninayo ndani. Ilitoka tumboni ikapita kifuani ikachukua na vitu vya zamani humo njiani, kapasita, mpira wa blenda, kitufe cha pasi, mto, vyote. "INAKUJA KUKAMUA! MTOENI MAMA!" Vioo vya saluni vikatetemeka. Yule mteja akakimbilia barabarani na nusu ya nywele zake.

Bisibisi ikamdondoka Dokta. Akageuka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu anioe aliniangalia kama mtu anayeangalia beringi.

"Kukamua?" akanong'ona. Kisha ikamwingia. "Kukamua! Mama!"

Tukamrukia. Mimi mkono huu, Dokta mkono ule, Mama Saluni akashika mguu akiwa bado na kitana. Mama mkwe aliteleza kama sabuni, huku anasema tumwache, tunamtekenya. Tulikuwa tumemfikisha ukingoni mota ilipoanza kupandisha sauti, ule wimbo ninaoujua, mwembamba, unapanda, unapanda. Kisha maji yakaruka. Kila tundu la jakuzi likapiga dari. Kofia ya plastiki ikapaa ikabaki imenasa kwenye taa. Na pampu, kwa kuwa haikuwekewa tofali, ikaanza kutembea. Ikavuta bomba lake, bomba likachomoka, na jakuzi zima likamwagika kuelekea saluni likiwa limebeba ndala, rola za nywele na mto.

Sisi wote tulikuwa tumebebwa na mama mkwe hadi kwenye sofa la wateja. Niseme ukweli, hatukumbeba sisi. Swichi kuu ilikuwa juu ukutani karibu na sofa hilo, nikapanda juu ya mkono wa sofa nikaizima.

Kukawa kimya. Maji yakidondoka tu kutoka darini.

Mama mkwe alikuwa ameketi wima, nywele zimelala, anang'aa kama sahani.

"Nimefuliwa," akasema.

"Pole mama," tukasema wote.

"Wewe," akamwonyesha mwanawe kidole, "rudisha mota ya mtu."

"Na kile kitufe cha pasi pia, mama?" nikauliza.

"Hicho kiache, nimeshakizoea."

Mama Saluni alikuwa anakusanya rola zake majini, wanja umemshuka hadi kidevuni. "Na jakuzi langu litakwenda na nini?"

"Na mota yake," nikamwambia. "Dukani zipo, unataja ukubwa wanakupa. Nunua na sili mpya. Mwite fundi yeyote, ila aishike kwa kitambaa safi. Asiishike kwa kidole cha chipsi."

"Kidole cha chipsi ndiyo kitu gani?"

Dokta alikuwa amesimama kando ya meza ya vioo, kwenye sahani yake ya chipsi za mchana, anajituliza moyo. Sote tukakiangalia kile kidole. Kilikuwa kinameremeta.

"Dokta," akasema Mama Saluni taratibu, "ndiyo maana lilikuwa linavuja kila ukilitengeneza?"

"Hiki kimezoea," akasema Dokta.

Nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza. Mama Saluni akauokota mto unaotiririka maji, akamsukumizia Dokta kifuani. Mlangoni tukapishana na yule mteja, anarudi kudai upande wake wa pili.

Mota na ubongo nilibeba mwenyewe, ndani ya shuka la gesti. Dokta akanifuata nyuma na mto wake, miguu inapiga chapa-chapa, kinyozi akasimamisha wembe hewani kutuangalia.

"Usitie neno," nikamwambia.

Nilimwamuru Dokta aifunge mota palepale, mbele ya macho yangu. Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikakagua. Skrubu zilikuwa bado kwenye kikombe. Ile waya ya kudanganya mlango nikaitoa mwenyewe, maana mlango wangu nataka uwe mkweli. Nikajaza mashuka, nikaweka tofali, nikawasha. Kushoto, ikapumzika. Kulia, ikapumzika. Furushi la kwanza, furushi la pili. Lile shuka la kufunikia mota nililiweka la mwisho, lilikuwa na alama ya grisi kubwa kama ramani.

Dokta hakuondoka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, ananitiririshia maji sakafuni. Mwishowe akapiga magoti, akaegesha bisibisi kwenye mashine yangu, akafumba macho.

"Haina kelele," akasema.

"Basi huna mgonjwa hapa."

Akafumbua jicho moja. "Na wewe je? Leo nimekusikia. Miaka yote hii sikujua una sauti namna ile."

"Nilikuja nayo siku ya harusi."

Akangoja. Alidhani kuna maneno mengine yanafuata, na labda zamani yangefuata, kwa sauti ya chini. Mimi nikamnyang'anya mto. Foronya yake niliidarizi mwenyewe, nisingeacha ikalale kwa watu tena. Nikautia kwenye mashine pamoja na shuka la mwisho. Akaona mto unazunguka nyuma ya kioo bila yeye, akauangalia kidogo, akachukua bisibisi yake akaenda kwa mama yake.

Kesho yake jioni meneja alikuja kuchukua mashuka. Akayafunua moja moja. Akafika kwenye lile la grisi. Akalisogeza kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, akakohoa.

Nikangoja kikohozi cha pili. Hakikuja. Akalikunja.

"Nitaleta mengine wiki ijayo," akasema. Kisha akageuka mlangoni. "Mama, kengele yako imekufa. Nimebonyeza sana."

Ilikuwa nzima asubuhi ya jana. Nikaifungua. Betri hazimo, na kifuniko chake kimerudishwa vizuri kabisa, skrubu zimekazwa.

Nikatoka nje nikasimama. Kutoka kwa mama mkwe, nyumba kadhaa kule chini, redio yake ya betri ilikuwa inaimba mtaa mzima unasikia. Alikuwa ameiweka pamba.